Mpishi wa mahabusu anayeonja kila sufuria langoni

Saa moja na nusu asubuhi, pikipiki inasimama mbele ya lango la bati la kijani mjini Tarime. Regina Kisyeri anashuka taratibu, ndoo ya uji ameikumbatia kifuani. Dereva wa bodaboda anafungua mpira uliofunga hotpoti mbili nyuma ya kiti, anaziweka chini na kugeuza.

Askari wa zamu anasogea langoni. Regina anatoa kijiko kwenye pindo la kitenge, anachota uji, anameza. Anafunua hotpoti ya kwanza, anamega ugali wa muhogo na mtama kwa kijiko kile kile, anameza. Anafunua ya pili, anaonja dagaa. Askari anamtazama kidogo, kama anayengoja jambo litokee. Halitokei, naye anafungua lango.

"Mimi chai ya asubuhi siijui," anasema Regina akicheka. "Kifungua kinywa changu ni vijiko. Nikifika nyumbani nimeshashiba na sijakaa chini."

Ndivyo utaratibu ulivyo katika kituo hiki kinachoshikilia wahamiaji wasio na vibali: anayeleta chakula anaonja kwanza, mbele ya askari. Siku hiyo askari akamgeukia hata mwandishi wa makala haya. "Na huyu uliyekuja naye, aonje." Mwandishi akaonja. Uji ulikuwa wa ulezi, umetiwa maziwa, na kama una kasoro basi ni kwamba kijiko kilikuwa kimoja tu.

Regina ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Huwapikia watu walioko ndani ambao ndugu zao wako mbali, au hawana ndugu kabisa. Wengine hulipiwa na jamaa zao kwa simu, wengine parokia humchangia unga, na wengine hula bure kwa sababu, kwa maneno yake, "sufuria haijui kuhesabu". Siku nzuri hubakiwa na shilingi elfu kumi na mbili.

Wiki hii, hata hivyo, mawazo yake yote yako kwa mtu mmoja tu aliye nyuma ya lango lile.

Anaitwa Hirut. Ni binti wa Ethiopia mwenye miaka ishirini na miwili, na ana ujauzito wa miezi minane. Alikamatwa jirani na Sirari akiwa na wenzake, wakielekea kusini. Wenzake wamekwisha rudishwa kwao. Yeye amebakizwa kwa kuwa upande wa mashtaka unamhitaji atoe ushahidi dhidi ya dereva aliyewasafirisha. Kesi inapigwa tarehe, tumbo linakua.

"Njiani walipewa chakula kikawaumiza, mwenzake mmoja akaachwa hospitali," anasimulia askari wa kike anayehudumia upande wa wanawake. "Alipofika hapa hakutaka kula. Akaja kugundua ugali wa Mama Regina una lile shimo la kijiko pembeni. Sasa kila siku anaangalia shimo kwanza. Akiliona, anakula. Asipoliona, hata ukimbembeleza, wapi."

Alhamisi Hirut atafikishwa mahakamani. Wakili wa msaada wa kisheria, Beatrice, ataiomba mahakama imruhusu akae nje kwa dhamana hadi kesi iishe. Ili hilo liwezekane anahitajika raia mwenye makazi ya kudumu, atakayekubali kumchukua kwake na kumleta kuripoti. Asipopatikana, mtoto huyo atazaliwa akiwa mahabusu.

Regina amesema atamchukua yeye.

Ukimuuliza kwa nini, anaosha kijiko kwanza, anakifuta kwa kitenge, anakirudisha kwenye pindo. "Kwa sababu mimi pia nilikaa humo," anasema. "Na kuna mtu alinitoa."

Regina alizaliwa upande wa Kenya, kwa Wakurya wa ng'ambo, mahali ambapo ukipanda kilima unaona mabati ya Tanzania yakimetameta. Akiwa msichana aliolewa Nyarero, wilayani Tarime. Aliyemwoa ni Boke, mjane wa Mzee Kisyeri.

Msomaji asiyetoka Mara asishangae. Katika mila ya Wakurya, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuiolea nyumba yake mke. Mke huyo huzaa na mwanamume anayekubalika, na watoto huitwa kwa jina la nyumba ile. Huitwa nyumba ntobhu. Sheria ya ndoa haiitambui, lakini wakwe waliopokea ng'ombe wanaitambua vizuri sana.

"Ng'ombe wangu walivuka mpaka mchana kweupe na hakuna aliyewauliza pasi," anasema Regina. "Mimi nilivuka kuja huku, wao wakavuka kwenda kule. Tulipishana."

Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu. Alilima, akazaa watoto watatu, wote wa nyumba ya Kisyeri. Kisha baba yake akafariki ng'ambo. Akaenda kuzika, na wakati wa kurudi akapita njia ya mkato, kama wapitavyo wote wenye shamba huku na shangazi kule. Siku hiyo kulikuwa na msako.

Hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Akaulizwa anakoishi, akasema Nyarero. Akaulizwa jina la mume wake.

"Nikasema, aliyenioa anaitwa Boke. Yule afande alikuwa mgeni, katoka mikoa ya mbali huko. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema Boke. Akasema, mama, Boke si jina la kike? Nikasema ndiyo, la kike, ni mama mzee. Wacha! Akaona namchezea."

Hapo ndipo Regina angeweza kujiokoa. Baba wa watoto wake alikuwa mtu wa kijiji cha pili, mwenye kitambulisho. Angemtaja yeye tu, angekuja kumdhamini na jioni wangekuwa nyumbani. Hakumtaja.

"Ningesema mimi ni mke wa yule, watoto wangekuwa wa nani? Nyumba ya mama ingezimwa na mdomo wangu mwenyewe. Nikasema bora nilale ndani."

Akalala ndani.

Habari ilipofika Nyarero, Boke alisonga ugali, akaufunga kwenye kitambaa, akashika njia. Alipofika kwenye lango la kijani askari akamwambia aonje kwanza. Hapo ikawa vita.

Boke sasa ni bibi kizee, macho yake yameanza kufifia, lakini kisa hicho anakisimulia akiwa amenyooka kwenye kigoda. Mwandishi alipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba na kumwelekeza pa kukaa kwa ncha ya fimbo.

"Wewe mura, sikiliza," anasema, akimwita mwandishi kijana kwa Kikurya, jambo lililomfurahisha mwandishi kuliko alivyostahili. "Kwetu mtu akikuambia onja chakula chako mwenyewe mbele ya watu, amekuita mchawi. Amekuita muuaji. Nikamwambia yule askari, mimi nimtilie sumu mke wa nyumba yangu? Niliyemtolea ng'ombe? Wewe umetoa ng'ombe wangapi hapa? Nikakataa. Nikaketi pale pale langoni na ugali wangu."

Askari naye hakuwa na kosa, alifuata utaratibu. Ugali ukapoa. Watu wakaanza kusimama kutazama. Mchana mkubwa, ofisa mkuu wa zamu, Thadeo, akatoka nje kuuliza ni kelele gani.

Leo Thadeo ni mstaafu anayelima mahindi mkoani Ruvuma. Alizungumza na mwandishi kwa simu.

"Nilimkuta bibi amekaa kwenye vumbi, kashikilia kitambaa, hanyanyuki. Nikamuuliza, huyo binti ni nani wako? Akanijibu, ni mke wangu. Kwa kweli nilicheka. Halafu nikaona hacheki. Nikamwita karani wetu, mwenyeji wa huko, nikamwambia nieleze hii kitu pole pole."

Karani akaeleza. Thadeo akataka shahidi. Boke akamtaja Tomaso, mchungaji wa zamani aliyewaswaga ng'ombe wale wa mahari kuvuka mpaka, ambaye alikuwa amehamia Kenyamonta, wilayani Serengeti, kutafuta malisho. Tomaso alipopata ujumbe alikuja na vumbi lake lote. Akasema aliwapeleka yeye, na kwamba jike mmoja mwekundu alimsumbua sana kuvuka mto. Ndugu za Regina wa ng'ambo, walipopigiwa simu, wakasema huyo mwekundu alikuwa anapiga mateke mpaka alipochinjwa.

"Haikuwa hati ya ndoa," anasema Thadeo. "Lakini nilishajua huyu mama ana kwao. Hana mahali pa kukimbilia zaidi ya pale anapotaka kurudi."

Regina akaachiwa kwa dhamana, kwa sharti la kuripoti kila Ijumaa. Aliripoti kila Ijumaa hadi shauri lake lilipokwisha, mvua na jua, akiwa na mimba ya mtoto wa nne, wa mwisho, na hata baada ya kujifungua. Mwaka juzi, baada ya maombi ya muda mrefu, alipewa uraia wa Tanzania.

Ndama wa kwanza aliyezaliwa zizini baada ya Regina kurudi nyumbani alipewa jina la Afande, kwa heshima ya Thadeo. Sasa ni jike kubwa lenye maziwa mengi, na maziwa yake ndiyo yanayoingia kwenye uji wa mahabusu kila asubuhi. Thadeo alipoambiwa hilo kwa simu aliuliza kama ng'ombe huyo ana nidhamu.

"Namshukuru yule mzee mpaka nakufa," anasema Regina. "Namshukuru mama aliyekataa kuonja. Na namshukuru Mungu kwamba mimi nimekubali kuonja. Mama alipiga kelele akanitoa. Mimi nanyamaza, naonja, wanakula. Kila mtu na njia yake."

Si kila mtu anaona mambo kama Regina. Kwenye mikutano ya vijiji vya mpakani na kwenye vibanda vya kahawa mjini Tarime, mjadala ni mkali. Wapo wanaotaka yeyote anayekutwa bila vibali awekwe ndani moja kwa moja, bila dhamana, hadi kesi yake iishe. Wanataka iwe lazima, ofisa asiachiwe kupima mwenyewe.

Kornelio ni mmoja wao, na si mtu wa kubezwa. Ni mwenyekiti wa kitongoji anachoishi Regina, na bila barua yake hakuna mdhamini anayesikilizwa mahakamani.

"Ng'ombe wa kaka yangu waliibwa," anasema. "Mwizi akashikwa, akapewa dhamana, kesho yake yuko ng'ambo. Hapa mpaka ni kuruka tu. Kaka yangu mpaka leo anakunywa chai ya rangi. Sasa mnaniambia niandike barua kwa mtu ambaye hata kwao sikujui? Akitoroka nitamtafuta wapi, Ethiopia?"

Wakili Beatrice anaelewa hofu hiyo. "Wapo wa kushikiliwa, na mimi sibishi," anasema. "Ninachopinga ni neno lazima. Ukilifanya lazima, mwizi wa ng'ombe na binti mjamzito wanapimwa kwa kipimo kimoja, na hakuna mtu anayeruhusiwa kutoka nje kuuliza kelele ni za nini."

Thadeo, akiwa shambani kwake, alilisema kwa ufupi zaidi: "Sheria iliniruhusu kumshikilia yule mama. Haikunilazimisha. Pale katikati ndipo nilipofanyia kazi yangu."

Jumanne jioni Regina alikwenda kwa Kornelio kuomba barua. Boke alisisitiza kufuatana naye, ameshika bega lake. Mwandishi alikuwepo.

Kornelio aliwakaribisha, akawapa viti, akaeleza tena habari za ng'ombe wa kaka yake tangu mwanzo. Boke alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umesema kweli yote," akasema. "Mwizi wako alitoroka. Huyu wangu alitoroka?"

"Huyu hapana, mama. Lakini huyu tulimjua."

"Ulimjua lini? Siku nilipomleta ulisema msichana wa ng'ambo atakimbia kabla ya mavuno. Ulisema mbele ya watu. Mimi nilisikia."

Kornelio alicheka kwa aibu, akajikuna shingo. Mke wake, aliyekuwa anapepeta mtama pembeni, akasema kwamba hata yeye alisikia. Basi mwenyekiti akanyanyuka kwenda kuchukua kalamu na muhuri.

"Naandika," alimwambia Regina akigonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Lakini akitoroka, nakuja kumchukua Afande. Umesikia? Yule ng'ombe atakuwa wangu."

"Nimesikia, mwenyekiti. Asante. Asante sana," akajibu Regina, na akapiga goti.

Njiani kurudi Regina alipiga hesabu. Afande ndiye uji, na uji ndio kazi. Akienda huyo, na kazi ya langoni imekwenda. Boke, aliyekuwa ameshika bega lake, alihisi anavyopunguza mwendo. "Nami niliogopa," akamwambia. "Nilikaa langoni kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu ya kusimama. Watu wanasema nilikuwa jasiri."

Alhamisi asubuhi Regina aliwahi langoni, akaonja kama kawaida, kisha akavaa kitenge kingine na kwenda mahakamani. Hirut aliletwa akiwa amejitanda shuka jeupe, mkono mmoja chini ya tumbo. Mkalimani, mfanyabiashara mmoja wa mjini, alikuwa upande wake. Mwendesha mashtaka aliieleza mahakama kuwa binti huyo hana ndugu nchini, hana makazi, na mpaka uko karibu. Yote yalikuwa kweli.

Hakimu alisoma barua ya kitongoji, akamtazama Regina.

"Mama, huyu binti ni nani kwako?"

Baadaye Regina alikiri kwamba alitamani kuwa na jibu la kishindo kama la Boke.

"Si ndugu yangu, mheshimiwa," akasema. "Ni mtu ninayempikia. Na mimi niliwahi kudhaminiwa hapa, nikaripoti mpaka mwisho. Njia naijua. Nitamleta."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi: Hirut akae Nyarero chini ya udhamini wa Regina Kisyeri, aripoti kila Ijumaa, afike kutoa ushahidi atakapoitwa. Mkalimani alipomaliza kumweleza, Hirut alimtafuta Regina kwa macho. Maneno ya Kiswahili anayoyajua ni machache, akayasema yote kwa mkupuo: "Mama. Asante. Uji."

Mahakama ikacheka. Regina hakucheka, alikuwa analia.

Alasiri ile nyumbani kwa Boke kulikuwa na shughuli. Kitanda cha binti mkubwa wa Regina, ambaye yuko shule ya bweni, kilitandikwa upya. Boke alimpapasa mgeni usoni, akashuka mabegani, akafika kwenye tumbo, akaacha mkono hapo. "Huyu ni mwembamba," akamkaripia Regina. "Mlikuwa mnampa nini huko?"

Regina anasema mipango yake si mikubwa. Zahanati amekwisha kuongea nayo. Kila Ijumaa watakwenda mjini pamoja kwenye pikipiki moja, ndoo ya uji katikati, kwa kuwa walioko ndani nao wanahitaji kula. "Naomba tu mtoto azaliwe salama, na mama yake amalize kesi yake aende anakotaka. Akitaka kwenda kwao, aende. Akipita tena mpakani, apite na karatasi. Mimi nitakuwa nimelipa shukrani yangu kidogo, maana yote siwezi kuimaliza."

Chakula kikaletwa: ugali wa moto, mviringo, umesongwa ukasongeka, na mchuzi wa kuku aliyekuwa anatembea uani asubuhi. Regina naye aliketi chini, sahani imejaa mbele yake, mara ya kwanza mwandishi kumwona ameketi mbele ya chakula.

Hirut hakula. Aliuangalia ugali, akauzungusha taratibu kutafuta, upande huu, upande ule. Ulikuwa mzima. Hakukuwa na shimo.

"Ana nini?" akauliza Boke, aliyesikia sahani ikizungushwa.

Regina akamweleza habari ya kijiko cha langoni na shimo lake. Akaanza kutafuta kijiko kwenye pindo la kitenge, lakini kitenge cha mahakamani hakikuwa nacho.

Boke hakungoja. Bibi yule aliyekaa kwenye vumbi siku nzima kwa kukataa kuonja aliunyoosha mkono wake, akaupapasa ugali mpaka akaupata ukingo, akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi na kulitia kinywani. Alilitafuna polepole, uso ameuelekeza kwa mgeni, apate kuonekana vizuri. Kisha akameza na kuisogeza sahani mbele.

Hirut akalitazama shimo lililoachwa na vidole vya bibi. Akanawa mikono, akamega karibu na hapo, akaanza kula.